Juu ya Kreti

Jumapili, 9 Juni. Siku ya arobaini na moja tangu nitoke nyumbani.

Nimenunua daftari hili asubuhi kwa sababu moja, na nitaiandika kabla ya kitu kingine: nataka kumwangusha Filimbi mbele za watu, kama alivyoniangusha mimi jana. Nisipoandika, uchovu utanisahaulisha. Kazi hii husahaulisha watu mambo mengi.

Mimi nakwangua chumvi. Tuko kama wanaume sitini kwenye majaruba haya. Maji ya chumvi huingizwa ndani ya jaruba, jua likayanywa wiki kadhaa, chumvi ikatulia chini, nasi tukaingia na reki na mabeleshi. Kuna jambo moja tu la kuangalia. Juu ya chumvi iliyotulia hubaki maji machungu, mazito kama mafuta ya kupikia yaliyolala. Hayo lazima yatolewe kwenye mfereji wa taka kabla hatujagusa kitu. Yakiingia jaruba jingine, chumvi yote ya huko inaharibika. Inakuwa chungu na haikauki tena.

Aliyekuwa akifungua na kufunga malango ya maji ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ndiye aliyenitafutia kazi hapa. Alhamisi maji machungu yaliingia majaruba matatu yaliyokuwa tayari kuvunwa. Nyapara wetu, tunayemwita Filimbi kwa sababu ya filimbi anayoivaa shingoni hata akienda chooni, alimpigia meneja simu na kumwambia mfungua lango alilala kazini. Jana shemeji alifukuzwa.

Kila Jumamosi mchana watu hukusanyika mbele ya ghala kabla ya kutawanyika. Pale kuna kreti ya mbao. Mwenye neno hupanda juu yake, na hakuna wa kumshusha, hata nyapara, ila watu wenyewe. Watu wakimchoka msemaji hugonga mabeleshi kwenye sakafu ya saruji. Wakianza watatu wanne, basi, hata radi ikipiga haisikiki.

Filimbi alipotangaza, shemeji hakusema kitu. Yeye si mtu wa maneno. Alinitazama tu. Nikapanda.

"Mheshimiwa nyapara," nikaanza, "ndugu zangu wafanyakazi, walinzi wetu, mpishi wetu, wageni waalikwa..."

Wageni gani? Hapakuwa na mgeni hata wa dawa. Nikarudia salamu zote tangu mwanzo.

"Mwacheni, jamani," Filimbi akasema kwa upole, "anasoma risala ya harusi."

Wakacheka. Kisha nikasikia beleshi la kwanza. Nilimwona aliyeligonga: ni Kinyozi, mwenzangu wa chumba, ambaye Jumapili hunyoa watu nje ya mabweni. Baadaye yakawa mabeleshi sitini.

Shemeji alichukua begi lake akaenda bila kuniaga. Nami niliposhuka, Filimbi alinipigapiga begani. "Kusema ni kazi ya watu, shemeji," aliniambia.

Aliniita shemeji.

10 Juni

Kukwangua. Kinyozi kanisemesha, sikumjibu.

12 Juni

Tumeanza kutoa chumvi iliyoharibika na kuitupa. Inachoma miguu hata ndani ya gambuti.

13 Juni

Inachoma.

Jumapili, 16 Juni

Leo nimekwenda sokoni kununua mafuta ya kupaka miguuni, nikasimama saa nzima mbele ya mama mmoja anayeuza dawa ya panya. Hana kipaza sauti, hana meza. Ana ndoo iliyopinduliwa na kapu. Lakini watu aliowakusanya ni wengi kuliko wa duka la simu lililo nyuma yake lenye muziki.

Hakusema dawa yake ni nzuri. Alimwuliza mwanamke aliyekuwa akipita, "Dada, jana ulisikia nini darini?" Mwanamke akasimama. "Kitu kinakimbia," akasema. "Kimoja?" Mwanamke akafikiri. "Viwili," akasema, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Akanunua pakiti tatu.

Nikarudi bwenini nikifikiri. Yule mama angesimama juu ya kreti yetu Jumamosi ile, shemeji yangu angekuwa kazini leo.

19 Juni

Ngozi ya visigino imeachana. Filimbi anapuliza filimbi kila tukinyoosha mgongo. Namhesabia.

Jumapili, 23 Juni

"Wewe kaka wa mstari wa mbele," Mama Panya kaniambia leo (ndivyo wanavyomwita, naye anaitika). "Jumapili ya pili unasimama hapo kama nguzo ya umeme. Panya huna, au hela huna?"

"Nataka kujua unavyofanya."

"Ninavyofanya nini?"

"Wanavyosimama."

Akanitazama juu mpaka chini. "Kumbe mwizi," akasema, na akacheka mpaka akashika kiuno. Nikamweleza habari za Filimbi, zote, pale pale, huku akihudumia wateja. Mwisho akasema nimbebee kapu kila Jumapili, naye atanifundisha bure, kwa kuwa mgongo wake umechoka na yeye pia aliwahi kuwa na msimamizi.

Akaniweka mbele ya watu nijaribu. Nikasema, "Dawa hii inaua."

"Umeijaribu?" mzee mmoja akaniuliza.

"Hapana, sijaijaribu."

"Basi anza," akasema. Soko zima likaangua kicheko. Mama Panya aliuza pakiti nyingi kwa kicheko hicho.

Jumapili, 30 Juni

Mambo aliyonipa leo, nayaandika kama alivyoyasema.

Salamu ni za nyumbani. Sokoni mtu anapita, usimsalimu, msimamishe.

Usiongee na watu. Ongea na mtu. Chagua mmoja mwenye uso mgumu; huyo akilainika, wengine wanajilainisha wenyewe.

Mikono yako imetulia? Haijatulia. Unapangusa jasho lisilokuwepo.

Ukiuliza swali, nyamaza. Usilijibu mwenyewe kwa kuogopa kimya. "Kimya si chako," alisema, "kimya ni cha yule uliyemwuliza. Mwachie kimkere yeye."

Hili la mwisho nimelijaribu kwenye jaruba, peke yangu, mbele ya lundo la chumvi. Nimeliuliza lundo: nani alisema lifunguliwe lango la kushoto? Nikanyamaza nikihesabu mpaka ishirini. Nilipofika kumi na mbili moyo ulikuwa ukinienda mbio, na lile ni lundo la chumvi tu.

Jumamosi, 6 Julai

Nimepanda kreti. Si kwa ajili ya Filimbi. Bado. Nimepanda kwa ajili ya pipa la maji ya kunywa, ambalo liko mbali upande wa mabweni, na sisi tuko huku kwenye jua.

Sikusalimu. Nilimchagua mtu mnene wa mizani, ambaye hacheki na mtu. Nikamwuliza, "Leo umekunywa maji mara ngapi?"

"Mara moja," akasema.

"Kwa nini?"

"Nitaendaje kule na kurudi? Huyu atanipulizia." Akamwonyesha Filimbi kwa kidevu.

Nikanyamaza. Nilifika saba tu. Watu wakaanza kusema wenyewe, huyu mara moja, yule hajanywa kabisa, mwingine kakojoa damu wiki iliyopita. Nikasema, "Basi pipa lije huku," nikashuka. Hakuna beleshi hata moja lililogongwa. Pipa limehamishwa leo leo, na Filimbi mwenyewe ndiye aliyelazimika kutoa amri.

Alitoa amri hiyo akinitazama. Nimekula vizuri jioni.

Jumatatu, 8 Julai

"Mheshimiwa mbunge!" Filimbi kaniita mbele ya wote. "Jimbo lako ni jaruba la mwisho." Jaruba la mwisho lina tope chini; ukizamisha reki kidogo tu inaleta tope, lundo linakuwa la kijivu na unarudia kazi. Nimerudia mara mbili.

Vizuri. Na aendelee. Kila anachonifanyia nakiweka akiba.

Jumapili, 21 Julai

Nimezungumza na mke wangu kwa simu, muda mrefu kuliko siku zote, na natamani tusingezungumza.

Kaka yake amekwenda kuomba kazi kwenye majaruba mengine mawili. Kote wamempigia Filimbi kumwuliza habari zake, na kote Filimbi amewaambia ni mtu wa kulala. Fundi wa malango hawezi kuwa mtu wa kulala. Ni sawa na dereva kipofu. Sasa anakaa nyuma ya nyumba akichonga vijiti. Hachongi kitu. Anachonga tu mpaka kijiti kinaisha, anachukua kingine.

"Mama anamwuliza kama ni kweli alilala," mke wangu akasema. "Mama yake mzazi, baba watoto. Anamwuliza hivyo."

"Hakulala."

"Unajuaje?"

"Namjua."

"Siku ile ulikuwa wapi wewe?"

"Mbali," nikamwambia. "Nilikuwa mbali na lango."

Akanyamaza. Mama Panya hajui kunyamaza kama mke wangu.

22 Julai

Hakuna.

27 Julai

Nimesema juu ya kreti tena: gambuti zinazovuja. Wamenisikiliza. Mtu wa mizani alinipigia makofi, peke yake, akaona haya akaacha. Wiki ijayo tutaletewa nyingine.

Jumapili, 4 Agosti

Leo nimefanya vibaya sokoni na nimefanya vibaya bwenini, na huenda ndiyo siku niliyojifunza kuliko zote.

Asubuhi Mama Panya aliniachia watu. Niliwasimamisha, nikawauliza, nikanyamaza, kila kitu kama nilivyofundishwa. Walisikiliza kisha wakaondoka. Hakununua hata mmoja.

"Umekosa nini?" akaniuliza.

"Sijui. Nimefuata yote."

"Ndiyo, umefuata yote. Wameona unafuata." Akavua kiatu. Kidole gumba cha mguu wa kulia hakina ncha. Kimekwisha kwa mviringo, kama sabuni iliyotumika. "Hiki panya alikila nikiwa nimelala, nina homa, sina nguvu za kumfukuza. Siku mambo yakiwa magumu navua kiatu. Naona haya kila mara. Lakini wananunua, kwa sababu wanajua sizungumzi habari za panya wa jirani. Wewe unazungumza habari za panya wa jirani, kaka yangu."

Nilikasirika. Nikarudi bwenini na hasira hiyo, nikamkuta Kinyozi anasafisha mashine yake ya kunyolea, nikaamua kuimalizia kwake. Miezi miwili tumelala chumba kimoja kama wapangaji wawili wa kaburi.

"Kwa nini uligonga?" nikamwuliza. "Wewe ndiye uliyeanza."

"Ah. Leo umekumbuka kwamba nina masikio."

"Nijibu."

"Niligonga ushuke." Akapuliza nywele kwenye mashine. "Ulikuwa umeshaanza kutetemeka. Filimbi alikuwa na karatasi mkononi, na jina lako lilikuwa la pili baada ya shemeji yako. Nililiona, nilikuwa nyuma yake. Alikuwa anasubiri useme kitu kimoja tu juu ya lango. Ungefukuzwa siku ile ile."

"Ningesema nini juu ya lango?"

Hapo Kinyozi akaiweka mashine chini.

"Ndugu yangu," akasema, "mimi nilikuwa ndani ya mfereji wa taka, tope mpaka hapa, nauzibua kwa mikono. Niliona toroli lako limesimama juu ya ukingo. Nani unamdanganya, mimi?"

Nimeandika kurasa zote hizi na hili sikuliandika. Naliandika sasa. Siku ile nilikuwa hatua kumi kutoka langoni. Filimbi alikuja akikimbia, lori linasubiri, mfereji wa taka umeziba kwa sababu yeye hakuwa ameutengea watu wa kuusafisha tangu msimu uanze. Akamwambia shemeji, "Fungua la kushoto." Shemeji akasema, "Kushoto kuna majaruba yaliyokomaa." Filimbi akasema, "Nani nyapara hapa?" Shemeji akafungua. Niliyasikia hayo yote kama nisikiavyo kalamu hii. Na juu ya kreti sikukwama kwa kukosa maneno. Nilikuwa nayo. Nilisalimu watu mara mbili ili nisifike kwenye maneno hayo.

5 Agosti

Joto. Kinyozi kanipa nusu ya mkate wake. Tumekula pamoja.

9 Agosti

Kukwangua.

10 Agosti

Jumamosi, lakini sikupanda. Filimbi kaniuliza kama mbunge amemeza ulimi.

11 Agosti

Sikwenda sokoni.

Jumapili, 25 Agosti

Nimerudi kwa Mama Panya na hotuba. Kurasa nne, kila neno limemlenga Filimbi: mwongo, mnyonyaji, kupe, mtu wa kuvaa filimbi chooni. Nilimsomea akifunga kapu. Nilisoma vizuri, nasema kweli, sauti ilipanda na kushuka ilipotakiwa.

"Umemaliza?" akasema. "Huyo Filimbi nimeanza kumhurumia."

"Kumhurumia!"

"Mtu mmoja anatukanwa kurasa nne, nitafanyaje? Acha wamtukane wateja. Wewe kazi yako ni kuwaonyesha kinyesi chake kwenye unga." Akaninyang'anya kurasa, akafungia dawa. Nilipoondoka kuna bibi alikuwa anakwenda nyumbani na neno kupe mkononi.

Hiyo haina maana kwamba nimemsamehe Filimbi. Ninachotaka ni kile kile. Nataka kuona uso wake siku atakapotazama huku na huku asimwone wa kucheka naye.

8 Septemba

Upepo umegeuka. Wazee wa kazi wanasema mvua zitawahi.

17 Septemba

Nimemwona Filimbi anapokea simu ya meneja. Alisimama wima kama mwanafunzi, na mkono wa pili ulikuwa umeikamata filimbi mpaka vidole vikawa vyeupe. Meneja hakuwepo hata kidogo. Ilikuwa simu tu. Nilikuwa nikidhani mtu huyu haogopi kitu. Anaogopa kuliko mimi. Kumbe siku ile langoni alikimbia kwa woga.

Sikumhurumia. Nimeandika ili nijue pa kumshika.

29 Septemba

Mke wangu kasema kaka yake ameacha kuchonga vijiti. Nikamwuliza kama hiyo ni nafuu. Akasema hapana.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mawingu. Filimbi ametangaza: Jumamosi ijayo meneja atakuja mwenyewe kufunga msimu na kusoma majina ya watakaoitwa mwakani. Majina anayapeleka Filimbi. Watu wote wamekuwa wapole ghafla, utadhani tuko msikitini.

"Kaa kimya wiki moja tu," Kinyozi kaniambia. "Wiki moja. Jina lako limo, nimeliona."

"Lako?"

"Limo."

"Nisiponyamaza?"

Akatafuta mashine yake, akaiwasha, akaizima. "Sikukwambia nimeziba mdomo wako," akasema. "Nimekwambia jina limo."

9 Oktoba

Nimefanya mazoezi mbele ya lundo. Nimefika ishirini bila moyo kwenda mbio.

Jumapili, 13 Oktoba

Yamekwisha. Nitaandika polepole, yasinitoke hata kidogo.

Meneja alikuja jana mchana na gari jeupe na viatu visivyofaa kwa tope. Akaketi kwenye kiti mbele ya ghala, mwavuli umefunguliwa juu yake, karatasi ya majina pajani. Filimbi alisimama kuliani kwake, amepiga pasi. Wakauliza kama kuna mwenye neno kabla ya majina. Kwa kawaida siku hiyo hakuna. Nikapanda.

"Mbunge wetu," Filimbi akamwambia meneja, akitabasamu.

Sikusalimu. Nilivua gambuti ya kulia, nikainua mguu ili waone kisigino. Nilimchagua mtu wa mizani.

"Juni tulitupa chumvi ya majaruba matatu kwa siku tisa," nikasema. "Nani bado ana alama za siku zile?"

Mtu wa mizani akaangalia chini. Kisha akainama, akavua gambuti. Wakaanza kuvua mmoja mmoja. Meneja akaondoa karatasi pajani.

"Alama hizi zilitoka wapi?" nikauliza, nikanyamaza.

"Mfungua lango alilala!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. Wachache wakacheka. Nikawaachia kicheko mpaka kikaisha chenyewe.

"Hakulala," nikasema. "Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake na toroli langu. Nyapara alimwambia, fungua la kushoto. Akamjibu, kushoto kuna majaruba yaliyokomaa. Akaambiwa, nani nyapara hapa? Nimesikia kwa masikio haya. Nikapanda juu ya kreti hii, nikawasalimu ninyi mara mbili, nikashuka. Nimenyamaza wiki kumi na nane. Yule ni kaka wa mke wangu, ndiye aliyenipa kazi, na nilinyamaza kwa sababu niliogopa kukosa nafasi ya kukwangua chumvi. Ndiye mimi huyu."

Sauti haikupanda wala kushuka. Sikumbuki nilichofanya na mikono.

Hapo Filimbi alifanya jambo ambalo sijapata kuliona. Alinyakua beleshi la mtu aliyekuwa karibu, akaligonga chini. Akagonga tena. Alitazama watu wamfuate, kama anavyotutazama tukiinua reki. Alikuwa anagonga peke yake, mtu mmoja aliyepiga pasi, mbele ya wanaume sitini wasio na viatu. Nilihesabu. Aligonga mara kumi na nne. Ya mwisho ilikuwa ndogo, kama mtu anayebisha hodi.

Nitasema ukweli. Nilifurahi mpaka miguu ikaacha kuniuma.

"Mimi ni mmoja," nikasema. "Nani mwingine alikuwepo?"

Nikanyamaza. Safari hii kilikuwa kimya kirefu kweli. Nilifika ishirini, nikavuka. Sikumtazama Kinyozi, nilikuwa nimejiapiza sitamtazama. Nilifika thelathini na moja.

"Mimi," akasema. "Nilikuwa ndani ya mfereji. Ulikuwa umeziba tangu mwanzo wa msimu, kila mtu anajua." Kisha mtu wa mizani akasema yeye alisikia kutoka kwenye lori. Kisha dereva wa trekta.

Nikashuka. Filimbi akapanda. Alianza vizuri, ana sauti nzuri, siku zote alikuwa nayo. "Jamani," akasema, "huyu bwana si mlimsikia Juni? Risala ya harusi?" Akangoja kicheko. Hakikuja. Akamgeukia meneja, akaeleza habari za lori, habari za mfereji, akasema wale watu hakupewa, akasema aliwaomba kwa simu, akasema hakuwaomba. Mkono ukaenda kwenye filimbi.

Kinyozi alikuwa amesimama kando yangu. Nilichukua beleshi lake, nikagonga. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza. Yakafuata mengine mpaka madirisha ya ghala yakatetemeka, na Filimbi akaendelea kusema, mdomo unafunguka na kufungika, hakuna kinachosikika. Sikutaka liishe.

Jumanne, 15 Oktoba

Meneja ametuita ofisini, wanne tuliosema. Filimbi ameondolewa, filimbi yenyewe iko mezani kwa meneja, kamba imezungushwa vizuri. Ametupa barua ya kumrudisha shemeji kazini, ina muhuri, inasema hakulala.

Kisha akasema yeye hawezi kufanya kazi na watu waliojua jambo hilo Juni na kulitoa Oktoba. Majina yetu manne yamefutwa. Tuondoke kabla ya mwisho wa wiki.

Mtu wa mizani alilia. Yeye amekuwa hapa misimu kumi na mmoja. Nilitafuta neno la kumwambia meneja, nami sasa ni mtu wa maneno. Nilifungua kinywa nikaona kwamba alichosema ni kweli, nikakifunga.

"Umenifukuzisha kwa ufasaha," Kinyozi kaniambia nje. Alitaka nicheke, nikacheka kidogo. Amesema atafungua kibanda cha kunyolea popote penye vichwa.

Filimbi nilimwona getini anasubiri usafiri, begi miguuni. Nilipita karibu makusudi. Nilikuwa na sentensi niliyoiandaa tangu Juni, nzuri sana, yenye neno shemeji ndani yake. Nilimwambia. Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayekubali bei. Bado ninafurahi, ila si kama nilivyodhani.

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua imeanza asubuhi. Majaruba yamejaa maji, hakuna kazi kwa mtu yeyote.

Nimempigia shemeji. Mara ya kwanza tangu aondoke. Nilikuwa nimepanga nianze wapi, niulize nini, ninyamaze wapi.

"Nimesikia," akasema kabla sijaanza. "Kinyozi kanipigia. Anasema ulisema vizuri sana."

"Barua ninayo mimi. Ina muhuri."

"Sawa."

"Shemeji, nataka kukueleza..."

"Siku ile nilikutazama," akasema. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Unajua nilikuwa nataka useme nini? Nilikuwa nataka useme 'nami nimesikia.' Basi. Hukuhitaji kujifunza kusema."

Nikanyamaza, na safari hii sikuhesabu.

"Ukija," akasema, "usinihutubie. Lete barua, mama aisomewe. Baadaye tutaona, mimi na wewe."

Nimemwambia naondoka kesho kwa basi la kwanza. Nikipata la pili bila kungoja, nitafika Ijumaa tarehe 18, jua likiwa bado juu. Nitapita kwake kabla ya kwangu.